Mwanamke Tuliyemtengeneza Mkunazini

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza watu. Nikilisema hilo mbele ya mke wangu, hunikatiza hapo hapo: "Sema wa kompyuta, bwana, usitutie makosani." Basi, wa kompyuta. Watu wanaotembea, wanaofumba na kufumbua macho, wanaopika na kubeba watoto, na hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa. Sasa nimestaafu, mgongo umenikwisha kwa kukaa, na nyinyi vijana mnaoingia katika kazi hii mnanijia nyumbani kuniuliza programu ipi ni bora. Programu mnazijua kuliko mimi. Mimi nitakuelezeni habari za mtu.

Anzeni na macho. Mtu akiitwa barabarani, macho hutangulia, kichwa hufuata, mabega huja mwisho kwa uvivu wake. Na akigeuka, hufumba macho kidogo njiani. Ukivigeuza vyote kwa pamoja umepata mlango, hukupata mtu. Hilo nilijifunza kwa kukaa nje asubuhi nzima nikiwaita wapita njia kwa majina ya kubuni ili nione wanavyogeuka, mpaka muuza kahawa akanionya kuwa watu wameanza kunizungumza.

Sikuanza na kompyuta. Mwaka 1985 nilikuwa nasafisha picha katika studio ya Mzee Hilali, hapa hapa Mji Mkongwe. Babake Mzee Hilali alikuwa na mikarafuu upande wa Kizimbani. Yeye mwenyewe alikuwa na kamera mbili na kikohozi. Kazi yangu ilikuwa kukaa dirishani na penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, nikifuta makunyanzi na madoa kwenye negativu, zile filamu za picha. Nilijiona fundi hasa. Akaja bibi harusi mmoja kupigwa picha, nami nikamsafisha uso mpaka ukang'ara kama sahani. Mamake alipokuja kuichukua picha aliitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. "Hii ya nani?" akauliza. Nilikuwa nimemfutia mwanawe doa la shavuni.

Mzee Hilali hakunigombeza mbele ya watu. Alingoja watoke.

"Haji!"

"Naam, mzee."

"Lile doa kalirithi kwa bibi yake. Weye nani wa kulifuta?"

Nilikuwa na kiburi siku zile, nikanuna siku mbili. Lakini miaka mingi baadaye, nilipokuwa nachonga uso wangu wa kwanza kwenye kompyuta, maneno yale yalinirudia kila siku. Programu zenu hutengeneza nusu ya uso kisha huinakili upande wa pili. Si vibaya kwa kuanzia, ila msiiache hivyo. Hakuna mtu ambaye pande zake mbili zimelingana. Nyusi moja iko juu kidogo, pembe moja ya mdomo imezowea kucheka kuliko mwenziwe. Mtu aliyelingana pande zote hutisha, na watoto ndio wa mwanzo kumkimbia.

Karakana yetu ilikuja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, Mkunazini, chenye kompyuta mbili, na wenye kazi tulikuwa wawili, mimi na Salma. Salma alikuwa mwanamke wa Mbweni aliyesomea hesabu, mwenye subira ya ajabu na maneno machache. Mtu wa kompyuta ana mifupa ndani yake, na mifupa hiyo ndiyo inayomwendesha. Salma aliifunga, mimi niliichezesha. Kompyuta tulizivua vifuniko tukazielekezea feni, maana zilipata moto. Sekunde moja ya filamu ilitaka picha ishirini na tano, na kila picha mashine iliipika kwa dakika kadhaa. Umeme ukikatika kabla hatujahifadhi kazi, Salma alivua miwani yake taratibu akaikunja. Hapo usimsemeshe.

Kazi kubwa kuliko zote tuliyowahi kuipata ilikuwa ya mradi mmoja wa afya. Walitaka filamu ya dakika sita: mama wa shamba anamchanganyia mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari, anamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka anapata nafuu. Mtauliza kwa nini wasimpige picha mama wa kweli. Walijaribu. Hakuna aliyekubali mwanawe ajulikane kisiwa kizima kwa kuharisha. Basi wakatuomba tuwatengenezee mama asiyekuwa wa mtu yeyote, lakini awe mtu kweli, wa kuaminika. Na alitakiwa awe tayari kabla ya masika, kwa sababu mvua zikishuka visima huchafuka na maradhi yale huingia majumbani.

Mwendo wake tulianza kwa kuununua. Siku zile ziliuzwa sidii kutoka nje zenye miendo ya watu waliopimwa huko huko, unaichukua na kumvisha mtu wako. Tukamvisha mwanamke wetu. Akavuka uwanja wa nyumba yake kama askari aliyechelewa gwaride, kanga imemkaza, ndoo kichwani haitikisiki. Nikamwambia Salma kwamba mwendo huu nitaufanya mwenyewe.

Nilinunua kioo kirefu cha kabati, nikakisimamisha ukutani. Nikajifunga kanga kiunoni, nikatia kitabu kichwani, nikawa nakwenda na kurudi mbele ya kioo. Nikiona kiungo kinavyofanya, nakimbilia kompyuta kukiiga. Siku ya tatu mlango ukagongwa. Kabla sijaifungua kanga, akaingia Bi Mwanajuma.

Bi Mwanajuma alikuwa mshonaji, na duka lake lilikuwa chini yetu hasa. Alikuwa mtu mzima, mfupi, sindano zimechomekwa kifuani. Amepanda kuja kugomba, kwa sababu kishindo changu kilikuwa kinamwangushia chokaa ya dari juu ya kanzu ya harusi ya watu. Akanikuta mwanamme wa makamo, mwenye masharubu, nimejifunga kanga.

"Shikamoo, Bi," nikasema, kwa kukosa jengine.

"Marahaba," akajibu, na akakaa chini kwa kicheko. Alipomaliza kucheka akafuta macho. "Haya, nani kakufundisha kwenda hivyo?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha mwanamke wetu kwenye skrini. Alimtazama kichwa upande, kama anavyomtazama mteja wa kupimwa.

"Huyu hana uzito," akasema. "Kavikwa kanga, lakini ndani hamna mtu. Mie nnashona miaka thalathini, nguo ikivaliwa na mtu nnaijua. Tazama, mtu haanzi kwenda kwa mguu. Huanza hapa." Akajipiga nyonga. "Nyonga ikishauachia ule mguu ndo mguu unakwenda. Na bega la huku linashuka kumlipa mwenziwe."

Nimesoma vitabu vingi vya kazi hii baadaye, na sikuona hata kimoja kilicholisema jambo hilo vizuri kuliko yeye. Siku ya pili akapanda tena, safari hii bila ya ugomvi. Nikamwonyesha karatasi tulizochora filamu nzima, kutoka mtoto kuugua mpaka kupona. Alizishika kwa muda mrefu.

"Wangu alikufa kwa haya," akasema. "Alikuwa wa miezi minane. Alikuja bwana wa afya na karatasi yake, ina mikono miwili inamimina maji kwenye gilasi. Mikono mitupu, haina mwenyewe. Na wazee wananambia mtoto akiharisha usimpe maji, utamzidishia. Wazee nnawajua, mikono ile siijui. Nkamnyima maji, Haji. Siku tatu mtoto ananililia maji, mie namnyima."

Salma aliacha kuandika.

"Huyu wenu," Bi Mwanajuma akaendelea, akionyesha skrini, "mfanyeni wa kuaminika. Mama akimwona aseme, huyu jirani yangu, asemalo nnalifuata. Kama hamwezi, mwacheni."

Tangu siku hiyo alipanda kila alasiri akishafunga duka. Alitufundisha kuwa mikono ya mwanamke haikai bure hata akiwa anasikiliza. Itafuta kitu, itarekebisha mtandio, itaokota punje ya mchele. Alitufundisha kuwa mtu aliyechoka hukaa chini kwa awamu mbili. Aligombana na Salma juu ya pumzi, Salma akisema pumzi haitaonekana chini ya nguo, na Bi Mwanajuma akachukua kitambaa, akajifunika, akavuta pumzi: tukaona mikunjo yote inavyohama. Salma akavua miwani. Wiki mbili tuliitia pumzi tu.

Sasa nikuelezeni kosa langu, na ninakuombeni msilicheke mpaka mwisho.

Sehemu ya kumnywesha mtoto tuliiacha nyuma, na siku zilipobana, Bi Mwanajuma alikuwa ameitwa shamba kwa harusi ya jamaa zake. Nikaifanya peke yangu. Nikakaa mbele ya kioo na mto mapajani, kijiko mkononi, nikaunywesha mto. Nikaiga kila nilichokiona: kidole, kifundo, kiwiko. Ilikuwa kazi safi. Tuliitazama na Salma mara zisizo na idadi, tukihakikisha kijiko hakipiti ndani ya shavu la mtoto, maana hilo ndilo balaa la kazi zetu. Macho yetu yote yalikuwa kwenye kijiko.

Tukaichukua filamu Kiwengwa kwa majaribio. Mradi ulikuwa umewakusanya akina mama wanaolima mwani, ndani ya banda lao la kukaushia, mchana, madirisha yamezibwa kwa mikeka ili televisheni ionekane. Waliingia na harufu ya bahari, vidole vyao vimevimba kwa maji ya chumvi. Mwanamke wetu akatokea, akavuka uwanja wake. Wakatulia. Akachemsha maji, akayapoza, akatia sukari, akatia chumvi. Bado wametulia. Akampakata mtoto, akainua kijiko.

"Auzubillahi!" bibi mmoja akasema. "Mtoto wa watu mgonjwa, anamnywesha kwa mkono wa chooni?"

Banda zima likalipuka. Wako waliocheka, wako waliofunika macho. Mmoja akasema huyu si mama, huyu mchawi, ndiyo maana mtoto mwenyewe haponi. Wakatoka mmoja mmoja kurudi kwenye mwani wao, na filamu ilikuwa bado ina dakika mbili.

Nilikasirika, nisikufichieni. Miezi mizima ya kazi, na watu wanatazama mkono! Nilisema maneno mabaya garini, nikasema watu hawa hawajui kutazama. Salma alingoja mpaka tukafika karakana. Akanisimamisha mbele ya kile kioo, akanipa kijiko.

"Nyanyua mkono wa kulia," akasema.

Nikanyanyua. Yule wa kiooni alikuwa amenielekea, na kijiko alikishika upande wa kulia wa kioo. Mtu aliyekuelekea, mkono wake ulio upande wako wa kulia ni wa kushoto. Nilikuwa nimemwiga mtu wa kiooni kiungo kwa kiungo, kwa uaminifu wote, na hivyo nikampa mama wetu mashoto. Nilikaa sakafuni. Wale akina mama walikuwa wamejua kutazama kuliko mimi.

Bwana wa mradi, mtu mpole kutoka Dar es Salaam, akaja kesho yake. Hakutulaumu. Alisema masika yamekaribia, atatupa nafasi moja ya pili, na ikishindikana watachapisha karatasi za kubandika ukutani, za mikono na gilasi, na mambo yatakwisha. Bi Mwanajuma alikuwa amesharudi kutoka shamba, amekaa kwenye kigoda chake.

"Mikono tena?" akauliza. Bwana wa mradi hakufahamu kwa nini sauti yake imebadilika vile.

Nikatafuta njia ya mkato, maana mimi ni binaadamu. Nikaigeuza filamu yote upande wa pili, kazi ya nusu saa, na kweli mkono wa kushoto ukawa wa kulia. Nikamwita Salma kwa furaha. Akaangalia kidogo.

"Mkono kaupata," akasema. "Lakini soma kanga yake."

Maandishi ya kanga yalikuwa yanasomeka kinyumenyume. Kanga ile ingesomwa na banda zima kabla hajafika jikoni.

Basi tukaanza upya. Kioo nilikigeuza uso ukutani. Tukaazima kamera ya video, na nikamwomba Bi Mwanajuma anyweshe yeye. Nilimpa ule mto. Aliupokea, na nikaona kabla hajakaa vizuri mkono wake wa kushoto umeshakwenda kushika shingo ya mto, mahali ambapo kichwa cha mtoto kingeangukia. Sikumwambia afanye vile. Akachota maji kwa kijiko, mkono wa kulia, akayaonja kwanza mwenyewe.

"Yasizidi chumvi ya machozi," akasema. "Nilifundishwa hospitali, baadaye. Nshachelewa."

Akaunywesha mto. Kijiko, akangoja. Kijiko, akafuta mdomo wa mto kwa mgongo wa kidole. Aliendelea muda mrefu kuliko tuliohitaji. Nilimwonea huruma nikataka kuizima kamera. Salma akanishika mkono, akatikisa kichwa. Bi Mwanajuma alimaliza kikombe kizima, akauweka mto chini taratibu, akashuka dukani kwake bila kutuaga.

Kila kitu cha siku ile tulikitia: kule kuonja, kule kungoja, mgongo wa kidole. Nimefanya kazi nyingi baada ya hiyo, na mashine bora zaidi. Siku hizi mtu mnamvalisha nguo ya vipimo, akinyanyua mkono na wa kompyuta ananyanyua papo hapo, kushoto ni kushoto, kulia ni kulia. Naona ni jambo zuri. Ila nguo ile haitakuulizeni huyu mliyemvalisha ni nani na amebeba nini moyoni mwake. Hilo mtauliza wenyewe.

Tukarudi Kiwengwa mawingu yameshaanza kujikusanya. Safari hii Bi Mwanajuma alifuatana nasi. Banda ni lile lile, na nusu ya wanawake wamekuja ili wacheke tena. Bi Mwanajuma akakaa kati yao, chini. Mwanamke wetu akatokea.

Nilisimama nyuma nikingoja mtu aseme neno juu ya picha. Hakuna aliyesema. Walichosema ni haya:

"Huyu mumewe yu wapi, mbona yuko peke yake na mgonjwa?"

"Kaenda dago, huyo, kulala kambini kuvua."

"Dago mpaka mwana anaharisha? Ala!"

"Hebu ona, maji kayachemsha, kisha sufuria hakulifunika."

"Atalifunika. Ngoja."

Akalifunika. Walikuwa wanamsengenya! Hakuna anayemsengenya katuni. Na alipoinua kijiko, yule bibi aliyepiga kelele mara ya kwanza akawageukia wenzake kwa ukali: "Nyamazeni nyie, mwacheni amnyweshe mtoto." Kijiko, akangoja. Kijiko, akafuta mdomo. Filamu ilipokwisha, wanawake watatu walimwomba bwana wa mradi airudishe pale pa kuchanganya, wapate kuona vijiko vya sukari ni vingapi na chumvi ni kiasi gani. Mmoja akatumwa kuleta sufuria, na wakachanganya hapo hapo, wakaonja wote kwa zamu. Bwana wa mradi akanipa mkono. Karatasi za mikono hazikuchapishwa.

Tulirudi mjini kwa gari la mradi, Salma mbele na dereva, mimi na Bi Mwanajuma nyuma. Salma, mtu wa maneno machache, alikuwa anaimba. Tulipopita Kinyasini Bi Mwanajuma akaniita.

"Haji."

"Naam, Bi."

"Mwanangu alikuwa akiitwa Nassor. Waweza kumtia mle kwenye kompyuta? Si kwa kuonyesha watu. Nimwone mie tu."

"Una picha yake, Bi?"

"Picha gani siku zile."

"Basi nieleze sura yake. Taratibu, kama ulivyotufundisha."

Akafumbua mdomo. Akanyanyua mkono kama anayetaka kuuchora uso ule hewani, kisha akaurudisha mapajani.

"Nshaisahau, mwanangu," akasema. "Ndo maana nnakuuliza weye."

Vijana wangu, ningeweza. Ningemtengenezea mtoto wa miezi minane mwenye macho mazuri, anayepumua, anayenyoosha mkono, na Bi Mwanajuma angemwamini kama wale wanawake walivyoamini mchana ule. Na ile chembe ya sura ya kweli iliyokuwa imebakia mahali fulani ndani yake, mtoto wangu wa kompyuta angeisukuma nje akakaa yeye. Nilikuwa nimekuwa fundi wa kutosha kufanya hivyo, na nikaogopa.

"Siwezi, Bi," nikamwambia.

Alinitazama usoni, yeye aliyekuwa akiwasoma watu ndani ya nguo zao, na akaona kuwa nasema uongo, na kwa nini.

"Ahsante, mwanangu," akasema, na akaanza kulia.